Mtoto Asiyeweza Kusema Apelekwe Shule Gani?

Na Mwalimu wa Madrasa, Masukulu, Rungwe

 

Ndugu Waislamu, kila mwezi wa Januari unapoingia, njia zetu za Masukulu hujaa watoto waliovaa sare mpya, na wazazi wao hushukuru. Wana haki ya kushukuru. Ada ya shule za msingi za Serikali iliondolewa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 michango ya lazima nayo iliondolewa. Kwa hiyo mtu akimkuta mtoto wa miaka tisa nyumbani saa tatu ya asubuhi, ameketishwa juu ya mkeka chini ya mgomba, hawezi tena kusema kwamba mtoto huyu amekosa ada. Iko sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mtoto ninayemkusudia ni yule ambaye Allah (s.w.) amemjaalia masikio yanayosikia na akili inayofahamu, kisha akamkadiria ulimi usiomtii na viungo visivyomtii. Analijua jina lake. Anamtambua baba yake kwa kishindo cha miguu kabla hajafika mlangoni. Adhana ikiadhiniwa hugeuza uso upande wa msikiti. Lakini akitaka kusema, midomo humpinda, shingo humkakamaa, udenda humtoka, na sauti inayotoka hueleweka kwa mama yake peke yake. Watu wa kwetu wana majina matatu ya kumpa. Wakitazama mdomo humwita bubu, wakitazama miguu humwita kiwete, na wakiyachanganya yote mawili humwita punguani. Jina hili la tatu ndilo baya zaidi, kwa kuwa ndilo linalomfungia mlango wa shule, na mara nyingi ni la uongo.

Matabibu wanaiita hali hii mtindio wa ubongo. Jina lenyewe limewaponza watoto wengi, kwani mtu akisikia ubongo hudhani limekusudiwa suala la akili. Ukweli ni kwamba kilichodhurika ni sehemu za ubongo zinazoamrisha misuli, yaani misuli ya miguu na mikono, na vilevile ile midogo ya midomo, ulimi na koo ambayo bila ya hiyo hakuna matamshi. Miongoni mwa watoto hawa wapo wenye upungufu wa akili, na wapo wengi ambao akili zao ni timamu kama yangu na yako. Sababu zake zinajulikana: mtoto kukosa hewa katika uzazi mgumu uliochukua muda mrefu, kuzaliwa kabla ya wakati, manjano kali ya siku za mwanzo isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Hakuna hapo mkosi wa ukoo wala malipo ya dhambi ya mama.

Sina budi kusema neno moja hapa juu ya wale wanaojipa cheo cha tabibu na kumwambia mama kwamba jini ameufunga ulimi wa mwanawe. Kumsomea mtoto Suratul-Fatiha na Muawwidhatayn ni katika Sunna, na mzazi mwenyewe anaweza kumsomea bila ya kumlipa mtu. Ama hirizi shingoni, kombe la kila Ijumaa na mbuzi wa rangi maalumu, hayo hayamo katika dini yetu, na fedha iliyokwenda huko ingetosha kumchongea mtoto kiti cha kumshika mgongo mara tano au sita. Nimeona nyumba ambayo imetoa kwa waganga kwa miaka minne mfululizo, na haijawahi kumpeleka mtoto Hospitali ya Rufaa Mbeya akaonwe na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Sababu iliyotolewa ni ukosefu wa nauli.

SHULE ZILIVYOGAWANYWA

Sasa tuje kwenye suala la shule. Shule maalumu za nchi yetu zilijengwa kwa kufuata ulemavu mmoja mmoja. Shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963 kwa juhudi za Wakatoliki, na Walutheri wakafungua ya wasioona kule Irente, Lushoto, katika mwaka huohuo. Buguruni jijini Dar es Salaam imekuwa na shule ya viziwi tangu mwaka 1974. Kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, Jeshi la Wokovu lina shule yake ya Matumaini, nayo iko Dar es Salaam.

Msomaji atakuwa ameona jambo katika orodha hiyo hata kabla sijalisema. Sikuiandika ili kumchongea mtu yeyote, bali nimeiandika kwa haya. Hawa walimtafuta mtoto kipofu na mtoto kiziwi wakati sisi tulikuwa na mijadala yetu juu ya mambo ambayo wajukuu zetu hawatayakumbuka. Dini yetu ndiyo iliyoteremshiwa Aya kwa ajili ya kipofu, kisha shule ya kipofu ikajengwa na asiyeziamini Aya hizo. Wenye kuongoza taasisi zetu walitafakari hilo kabla ya kuanza kuchangisha kwa ajili ya mnara mwingine.

Lakini liko jambo la pili, na hili ndilo linalomgusa mtoto wetu wa Masukulu. Mtu mwenye ulemavu mmoja ana mlango wake, japo uko mbali. Mwenye miwili huanguka katikati ya milango. Watu humshauri mama: mpeleke shule ya viziwi, si hasemi? Ushauri huu umetokana na mazoea yetu ya kutumia neno bubu kwa kila asiyesema. Mtoto huyu si kiziwi. Anasikia kila kitu, pamoja na yale tunayomsema mbele yake tukidhani hasikii. Kule kwa viziwi atafundishwa lugha ya alama, nayo ni lugha kamili ya kuheshimiwa, ila yahitaji vidole vinavyotii, na vidole vyake ni miongoni mwa vile vilivyokataa. Mwingine atashauri apelekwe shule ya wenye ulemavu wa viungo. Hiyo iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa tulipo. Wa tatu atashauri darasa la wenye ulemavu wa akili, na huko atawekwa mtoto mwenye akili timamu afundishwe kutenganisha shanga nyekundu na za kijani hadi atimize miaka kumi na sita.

Wilayani kwetu iko Shule ya Msingi Katumba II inayofahamika kwa kupokea watoto wenye mahitaji maalumu, nayo inastahiki shukrani zetu sote. Hata hivyo wilaya ni kubwa, milima ni mingi, mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na watoto ni wengi kuliko shule moja. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kwamba watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea. Katika safu ya swala yenye watu ishirini, hao ni wawili. Tugeuze shingo baada ya salamu tuwatafute. Tusipowaona, tujiulize wamebaki wapi.

YALIYOMPATA MAMA MMOJA

Yuko mama mmoja katika jamaa ya msikiti wetu, muuza ndizi, ambaye mumewe alikwenda Chunya kutafuta dhahabu na habari zake zikakatika. Mwanawe wa kwanza ni wa namna hii niliyoieleza. Alipotimiza umri alimbeba mgongoni akampeleka kuandikishwa. Shule sitaitaja. Mwalimu alimuuliza mtoto jina lake kwa Kiswahili, naye nyumbani husikia Kinyakyusa. Mtoto alianza kujikakamua kulijibu lile swali, na yeyote aliyewahi kumngoja anajua kwamba jibu lake la neno moja huchukua muda wa kumaliza kusoma Suratul-Ikhlas. Hakungojwa. Aliambiwa ainue mkono aupitishe juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, kama tulivyopimwa sisi sote enzi zetu, na mkono haukufika. Ikaandikwa kwamba mtoto haelewi.

Akaenda shule ya bweni iliyo nje ya mkoa wetu. Huko walimpokea kwa upole, wakamwambia kwamba mtoto asiyejilisha wala asiyekwenda chooni peke yake ahitaji mlezi, na wao hawana mlezi wa kumpa. Akarudi. Kwa siku hizo mbili za safari hakuuza ndizi, na kwa nauli hiyo alikopa.

Nimemuuliza mama huyu amejuaje kwamba mwanawe anafahamu. Alicheka, kama mtu aliyeulizwa amejuaje kwamba mchana kuna jua. Akamuuliza mtoto mbele yangu kama jana mvua ilinyesha, mtoto akainua macho juu. Akamuuliza kama mimi ni mjomba wake, mtoto akageuza kichwa pembeni, kisha akacheka na yeye. Macho juu ni ndiyo, kichwa pembeni ni hapana. Lugha hiyo waliitunga wao wawili bila ya kufundishwa na mtu, na hakuna ofisi yoyote iliyowahi kuuliza kama ipo.

Sheria ya nchi haiko upande wa waliomrudisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 27, inampa mtu mwenye ulemavu haki sawa ya elimu, na inaelekeza kwamba mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale mahitaji yake ya mawasiliano yanapolazimu mahali maalumu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 2009, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Walimu wetu wengi hawajawahi kuiona sheria hii, na siwalaumu sana: mwenye wanafunzi mia moja katika chumba kimoja hana muda wa kusoma vifungu. Lakini mzazi akiijua, husimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu kwa kisimamo kingine.

ULIMI KATIKA KITABU NA SUNNA

Sisi Waislamu tuna mazoea mazuri ya kumheshimu kipofu. Kila mtu anakijua kisa cha Abdullah ibn Ummi Maktum (r.a.), ambaye kwa ajili yake ziliteremka Aya za mwanzo za Surat Abasa, kisha akawa mmoja wa waadhini wa Mtume (s.a.w.) na akaachiwa Madina aisimamie mara kadhaa Mtume alipotoka. Katika zama zetu, Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999, alikuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia hali ya kuwa haoni. Kiwete naye ana nafasi yake. Amr ibn al-Jamuh (r.a.) alichechemea hadi Uhud baada ya wanawe kumzuia, akapata shahada. Na Ataa bin Abi Rabah, aliyekuwa mufti wa Makka katika zama za Tabiina, wasifu wake umetaja mguu, mkono na jicho, na mwishowe upofu, na mahujaji walielekezwa kwake kwa fatwa.

Nikiwatazama wote hao naona kitu kimoja kinachowakusanya: ndimi zao zilikuwa nzima. Elimu yetu ni elimu ya sikio na ulimi. Mwalimu husoma, mwanafunzi hurejesha. Asiyeona hurejesha, tena hushinda wanaoona. Asiyetembea hubebwa akarejesha. Ama asiyeweza kurejesha, hatujui tumweke wapi, na kwa hiyo humwacha nyumbani hata yule mzazi ambaye watoto wake wengine wamehifadhi juzuu. Mtihani wetu wa kweli uko hapa.

Na Qur'an haikunyamaza juu ya ulimi. Mtume Musa (a.s.), aliyesemeshwa na Mola wake, ndiye aliyeomba katika Surat Taha afunguliwe fundo la ulimi wake ili watu wapate kuyafahamu maneno yake. Wafasiri wana visa vyao juu ya asili ya fundo lile, vya kaa la moto na mfano wa hayo, nasi hatuvihitaji. Linalotuhusu ni kwamba aliomba pia apewe msaidizi, nduguye Harun, na katika Suratul-Qasas akataja kwamba Harun ni fasaha kuliko yeye. Akapewa. Risala haikuondolewa kwake ikapelekwa kwa mwenye ulimi mwepesi. Mwenye risala aliachiwa risala yake, akaongezewa mtu wa kumsaidia kusema. Na aliyemdharau Musa kwa sababu ya matamshi, akawaambia watu wake kwamba huyu hata kujieleza hawezi, tunamjua kutokana na Suratuz-Zukhruf: ni Firauni. Mwenye kumcheka mtoto kwa matamshi yake na aangalie ameshika nafasi ya nani katika kisa.

Mafakihi nao walilimaliza suala hili karne nyingi zilizopita. Ishara ya asiyesema, ikiwa inafahamika, husimama mahali pa tamko. Kwa ishara huuza na kununua, kwa ishara huoa na kutaliki. Dola ya Uthmaniya ilipoandika sheria zake za miamala katika Majalla, iliyokamilika mwaka 1876, kanuni hiyo iliwekwa kuwa kifungu cha 70. Katika swala, kisomo humwondokea asiyekiweza. Wametofautiana tu kama ni lazima atikise ulimi kwa kadiri ya uwezo wake. Ikiwa ndoa ya mtu huthibiti kwa ishara, vipi herufi alifu isithibiti? Ikiwa kadhi anamkubalia, vipi ustadhi amkatalie?

Wala tusidhani kwamba kigugumizi kinapunguza thawabu. Katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba anayeisoma Qur'an kwa kukwamakwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Tunaisoma hadithi hii katika kila hafla ya kufunga madrasa, kisha zawadi zote anapewa aliyesoma kwa kasi.

SHULE IPI, BASI?

Rai yangu ni hii, na mwenye rai bora na ailete. Mtoto huyu asome shule ya msingi ya kijijini kwake, ile wanayosoma ndugu zake, na alasiri aje madrasa. Nayasema haya huku nikijua hali ya shule hiyo. Sina ndoto kwamba darasa lile litakuwa na mtaalamu wa tiba ya matamshi, kwani wataalamu hao ni wachache mno katika nchi nzima. Lakini shule ya karibu ina kitu ambacho bweni la mbali halina: mama yupo jioni.

Sababu yangu kubwa ni nzito, na baadhi ya wazazi hawapendi itajwe. Mtoto asiyesema hawezi kushitaki. Akipigwa usiku, akinyimwa chakula, akifanyiwa uovu na mkubwa au na mwenzake, hana njia ya kumwambia mtu asiyezijua ishara zake. Kumpeleka mtoto kama huyo mamia ya kilomita akiwa na miaka saba au minane, mahali ambapo hakuna hata mmoja anayejua kwamba macho juu ni ndiyo, ni jambo la kuogopesha. Mtoto ni amana. Bweni linaweza kumfaa atakapokuwa mkubwa, akiwa amekwishajua herufi, akaweza kumwandikia mama yake kwa kuonesha herufi mojamoja juu ya ubao. Kabla ya hapo, nisingependa.

Na ikiwa hakuna njia isipokuwa shule ya taasisi ya Kikristo? Nimeulizwa mara nyingi, na najua ndugu zangu wengine hujibu haraka. Mimi nasema kwamba hatuna haki ya kumlaumu mzazi kwa mlango alioingia ikiwa sisi hatukujenga mlango wowote. Amwandikie mkuu wa shule kumwomba mtoto asilazimishwe ibada isiyo yake, jambo ambalo Katiba ya nchi inamlinda nalo, na msikiti ulio karibu na shule upeleke mtu wa kumtembelea kila wiki. Lawama za kutoka kwenye mimbari hazimfundishi mtoto Fatiha.

Sasa, shule ya kijiji haitamfaa ikiwa ataletwa na kutupwa humo. Yako mambo yanayomtoa mtoto shuleni kimyakimya, na la kwanza si somo, ni choo. Vyoo vyetu ni vya kuchuchumaa, na yeye hawezi kuchuchumaa. Mtoto aliyejichafua mara mbili mbele ya wenzake hatarudi mara ya tatu. Dawa yake ni kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu, chenye mkono wa kushikilia kila upande, kazi ya nusu siku kwa fundi seremala. La pili ni kukaa. Mtoto ambaye mgongo wake haumshiki, nguvu zake zote humalizika katika kujizuia asianguke, na hazibaki za kusikiliza. Anahitaji kiti chenye mgongo uliopinda kama pembe ya chumba, mkanda kifuani, meza ndogo mbele, na mahali pa kuegemeza nyayo. Mbao za hapa hapa Rungwe zinatosha. Kiti mwendo ni kizuri ila katika matope yetu magurudumu yake hayaendi. Kwa njia zetu bado mgongo wa mtu na pikipiki ndivyo vinavyofika.

La tatu ni ulimi wa badala. Chukua ubao mwepesi, andika juu yake herufi kubwa za Kiswahili upande mmoja na herufi ishirini na nane za Kiarabu upande wa pili. Asiyeweza kunyoosha kidole ataonesha kwa ngumi au kwa kiwiko, na asiyeweza hata hivyo, mwenzake apitishe kidole herufi kwa herufi naye ainue macho inapofika anayoitaka. Ni kazi ya polepole. Nimemwona mtoto niliyemtaja akiitafuta herufi ya kwanza ya jina lake kwa njia hii katika madrasa, na darasa zima la watoto thelathini, ambao kwa kawaida hawanyamazi hata kwa fimbo, likanyamaza likimngoja. Jina lake alilimaliza kabla ya adhana ya Magharibi. Yule aliyeandikwa kwamba haelewi ana herufi kumi na tisa za Kiarabu sasa, na mbili kati ya hizo wanafunzi wenzangu wa zamani wazitamkao vizuri bado huzichanganya wanapoandika.

La nne ni mtu. Mwalimu mmoja hawezi kumlisha, kumpeleka chooni na kufundisha. Anahitajika msaidizi, na hapa ndipo msikiti unapoingia. Familia ya mama huyu ni miongoni mwa mafakiri na masikini waliotajwa katika Aya ya 60 ya Suratut-Tawba, basi zaka ni haki yao, wapewe mkononi mwao, na wakipenda wamlipe binti wa jirani aliyemaliza shule akae na mtoto darasani na kumhudumia. Akiwa mtoto ni wa kiume aliyekaribia kubaleghe, msaidizi awe kijana wa kiume anayeaminika na anayejulikana na familia. Ama viti, ubao na njia ya kupandia mlangoni badala ya ngazi, hivyo visitolewe katika zaka kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, bali vitoke katika sadaka au viwekwe wakfu. Al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala kuanzia mwaka 86 hadi 96 Hijria, wanahistoria wamesimulia kwamba alimpangia kila asiyejiweza mtumishi wa kumhudumia na kila kipofu mtu wa kumwongoza, kwa gharama ya Baytul-Mal. Sisi hatuna Baytul-Mal, tuna sanduku la Ijumaa, na mtoto mmoja au wawili kwa kila msikiti.

Kwa misikiti ya Masukulu na vijiji jirani, mipango iliyokwisha kubaliwa na wazee wetu ni hii. Kabla ya uandikishaji wa mwaka ujao, watu wawili wa kila msikiti, mwanamume na mwanamke, watapita nyumba kwa nyumba kuuliza, tena waulize kwa Kinyakyusa na kwa upole, maana mtoto aliyefichwa hatolewi kwa swali la kishari. Mzazi mwenye mtoto wa hali hii asiende shule peke yake. Afuatane na imamu, na kabla ya hapo waende pamoja Tukuyu, ofisi za Halmashauri, wamwone afisa anayesimamia elimu maalumu na afisa ustawi wa jamii, waombe mtoto apimwe mahitaji yake na majibu yaandikwe. Wachukue cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na karatasi za hospitali ikiwa zipo. Mama mwenyewe awemo chumbani wakati mtoto anapoulizwa, ili aeleze ishara za mwanawe, na anayeuliza aombwe kungoja jibu. Seremala mmoja wa msikiti wetu ametengeneza kiti cha kwanza, kipo kwenye veranda ya madrasa, na mwenye kutaka kupima vipimo vyake aje siku yoyote baada ya Alasiri, isipokuwa Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.